Shajara ya mradi: feni ya umeme kwenye Land Rover 109, Tanga

Jumamosi, 11 Januari 2025: hali ilivyo

Gari ni Land Rover Series III, 109 (ile ndefu), ya mwaka 1978, injini ya petroli ya cc 2,286. Lilitumika shamba la mkonge mpaka likachoka, marehemu baba akalinunua mnadani, sasa ni zamu yangu kulilisha. Kazi zake hazibadiliki: machungwa ya Muheza, iliki na mdalasini kutoka Amani, na harusi za ukoo ambazo hakuna anayechangia mafuta.

Shida ni kuchemsha. Kwenye barabara ya lami Tanga hadi Muheza halina neno. Linachemsha likisimama huku linanguruma tukipakia mizigo, na linapopanda Amani nyuma ya lori, gia ya kwanza na ya pili, upepo haufiki puani.

Feni iliyopo ni ya asili, inazungushwa na mkanda, imefungwa mbele ya wotapampu. Panga moja limemeguka ncha. Feni iliyopoteza mizani inatikisa shafti ya pampu kila mzunguko, na ndiyo maana kwa miaka miwili nimebadilisha wotapampu mara mbili, na hii ya sasa imeanza kudondosha. Lile kava la kuizunguka feni, linalolazimisha upepo wote upite kwenye rejeta, lilishatolewa zamani. Nani alilitoa, hakuna anayekumbuka.

Mzee mmoja wa gereji, Makorora, ameshika Land Rover tangu zikiwa mpya. Akaniambia: "Mgosi, tafuta feni nzima na kava lake. Umeme utakutia hasara." Nimetafuta wiki tatu. Niliyoonyeshwa ilikuwa na panga lililochomelewa. Kitu cha kuchomelewa kizunguke kwa kasi hiyo karibu na rejeta yangu, hapana.

Basi tunaenda kwenye umeme. Kila hatua ikiisha nitaiandika hapa, mwenye gari kama hili asiyanunue makosa yangu kwa bei niliyoyanunulia mimi.

Jumamosi, 18 Januari: geji nayo ina lake

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua gari linafika digrii ngapi hasa. Geji ya joto ilikuwa inakimbilia kwenye nyekundu, na ndiyo iliyonitia hofu miezi yote.

Nikaazima kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola. Nikaliwasha gari chini ya mwembe, sailensa (linanguruma tu bila kukanyagwa mafuta), boneti wazi. Baada ya dakika 20 geji iko nyekundu kabisa. Kipimajoto kwenye nyumba ya thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto) kinasoma 71. Furaha, halafu mashaka: chuma kinachong'aa kinavidanganya vipimo hivi, kinasoma chini. Nikabandika kipande cha selotepu nyeusi ya umeme palepale, nikasubiri kipate moto, nikapima juu yake. 87. Hiyo naiamini. Lakini 87 si nyekundu.

Kilichonifumbua macho ni geji ya mafuta. Tangi lilikuwa na lita kumi hivi nilizotia jana yake, nayo inaonyesha zaidi ya nusu. Geji mbili zikipanda pamoja, mchawi ni mmoja. Nyuma ya dashibodi kuna stabilaiza ndogo, kazi yake kuzipa geji hizo mbili volti 10 hivi hata kama betri inatoa 12 au 14. Ikikosa ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) haikati tena umeme, inaupitisha wote, na geji zote mbili zinasoma juu. Skrubu yake ilikuwa na kutu ya kijani, kutu yetu ya pwani. Nikaisugua kwa msasa, nikakaza. Geji ya mafuta ikashuka mahali pake, ya joto nayo ikatulia katikati.

Gharama: sifuri. Na miezi minane ya kuliogopa gari bure, angalau nusu yake.

Nusu, kwa sababu nililiacha liendelee kunguruma. Dakika 35: 94. Dakika 45: 98, bado linapanda. Nikazima. Tatizo lipo, ila si lile nililokuwa nalitazama.

Nikafungua na nyumba ya thamostati. Tupu. Fundi wa zamani aliitoa, kama wanavyofanya wengi, eti maji yapite. Ndiyo maana asubuhi nikienda Pongwe kwa mwendo mzuri injini inabaki kwenye 60 na kitu, na mafuta inakunywa kama mgonjwa wa homa. Gari lile lile, baridi likitembea, moto likisimama.

Jumamosi, 25 Januari: rejeta

Rejeta nimeitoa na kuipeleka Ngamiani. Fundi akafumua tangi la juu kwa moto, akaniita nije nione mwenyewe. Theluthi ya mirija ilikuwa imejaa kitu cheupe kigumu kama gamba la birika la chai.

"Unatia maji gani, mjomba?"

Ya kisima. Nyumbani kwetu kisima kimechimbwa kwenye matumbawe, na maji ya matumbawe yana chokaa. Kila mtu Tanga anajua birika linavyofanya. Kwenye gari sikuwahi kulifikiria. Miaka sita nimekuwa nikitia chokaa kwenye rejeta kwa mkono wangu, kwa ndoo, nikijisifu kwamba silisahau maji.

Akapitisha vijiti vya bapa kwenye mirija mmoja mmoja, akaosha, akalehemu tangi. Mirija miwili ilikuwa imebonyea, akaiziba. 60,000. Maji ya betri na kulanti, 35,000. Nikisema maji ya betri nina maana yale yaliyosafishwa yanayouzwa kuongezea betri. Asidi usije ukaitia. Wakati wa masika maji ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa pia.

Jioni nikarudia jaribio la sailensa kwa feni ileile mbovu: dakika 45, limesimama kwenye 94 na halipandi tena.

Niseme ukweli hapa, kwa sababu atakayesoma anaweza kuokoa pesa nyingi: kama feni yangu ingekuwa nzima na pampu haidondoshi, ningeishia hapa. Kuzibua rejeta kumefanya kazi kubwa kuliko vyote vinavyofuata. Naendelea kwa sababu ya lile panga lililomeguka.

Jumamosi, 1 Februari: feni ya kwanza, na kanga ya dada

Nimenunua feni iliyotumika ya gari dogo la Kijapani, na kava lake la plastiki, 50,000. Mpango ulikuwa niifunge mbele ya rejeta, nyuma ya shoo (wavu wa mbele wa gari), isukume upepo ndani. Huko nafasi ipo tele, na feni ya zamani ningeiacha kwanza.

Feni hizi zimetengenezwa kukaa nyuma ya rejeta na kuvuta. Nikajisemea hakuna shida, nigeuze nyaya, mota itazunguka kinyume, kuvuta kutakuwa kusukuma. Inazunguka kweli, na kelele inapiga nzuri tu. Nikaazima kanga ya dada, nikaishika nyuma ya rejeta nione inavyopeperuka. Haikupeperuka. Pindo likacheza kidogo, basi.

Sababu iko kwenye umbo la panga. Limepinda kama kijiko. Upande wa tumbo ndio unaochota upepo. Ukilizungusha kinyume linauchota kwa mgongo. Upepo unabadilika uelekeo, sawa, lakini nguvu yake inapotea sehemu kubwa. Ukitaka feni ya mbele nunua iliyotengenezwa kusukuma, au iwe ya aina ambayo panga linaweza kuchomolewa na kugeuzwa.

Nyuma ya rejeta nikapima. Feni ya zamani ikitoka, kutoka kwenye rejeta mpaka pua ya puli ya wotapampu napata sentimita 9 na kidogo. Feni niliyonunua na mota yake ni 10. Nikairudisha dukani. Muuzaji aliipokea kwa 35,000, nikaongeza 30,000 nikapata nyingine, nyembamba, sentimita 7, kava lake pana zaidi. Elfu kumi na tano imekwenda kwa kutopima. Tepu ya kupimia ilikuwa mfukoni muda wote.

Feni ya pili nikaishika kwa mkono nyuma ya rejeta, nyaya moja kwa moja kwenye betri. Kanga nikaiweka mbele ya shoo. Ikavutwa, ikanata ikatandazika kama imepigwa pasi, maandishi yanasomeka kutoka barabarani: *Mdhaniaye ndiye kumbe siye.* Sikuongeza neno.

Jumamosi, 8 Februari: bolti nne

Hatua hii nilidhani ni ya nusu saa. Toa feni ya zamani, rudisha puli, endelea.

Kwenye injini hii bolti nne zinazoshika feni ndizo hizohizo zinazoshika puli ya wotapampu. Ukitoa feni ni lazima uzirudishe zishike puli peke yake. Nikarudisha, nikakaza, nikazungusha injini kwa mkono kuangalia. Ikazunguka robo, ikagoma. Nikaongeza nguvu (kosa), ikalia kama kisu kwenye sahani.

Feni ikishatoka, bolti zinakuwa ndefu kupita kiasi. Ncha zinatokeza nyuma ya puli na kugusa mwili wa pampu. Zilishakwangua mfereji. Haukutoboka, nashukuru Mungu, lakini ningeliwasha gari kwa starta pampu ingepasuka palepale.

Wazo la pili lilikuwa kununua bolti fupi. Nilizopewa dukani zilikuwa za nyuzi za milimita. Land Rover hizi nyuzi zake ni za inchi. Inaingia mizunguko miwili halafu inakaza. Ukilazimisha unaharibu nyuzi za pampu. Niliacha nilipohisi inakaza, hapo angalau nilikuwa nimeshajifunza.

Dawa ilikuwa bure: nikapima unene wa feni ya zamani pale bolti zinapopita, nikakata bolti zilezile za asili kwa msumeno wa chuma, urefu uleule uliozidi, nikasafisha nyuzi kwa tupa ndogo. Unaweza pia kuweka washa nene badala ya kukata. Kisha zungusha kwa mkono duara zima, mara mbili, kabla ya kugusa funguo.

Kufunga feni yenyewe: fundi mmoja alinishauri nitumie vile vijiti vya plastiki vinavyopenya katikati ya mirija ya rejeta, dakika kumi kazi imeisha. Kwa gari la lami labda. Barabara ya Amani inatikisa mpaka meno. Feni itakuwa inasugua mirija kila siku mpaka mmoja utoboke. Nimekata kiolezo cha boksi, nikachomelewa fremu ya bapa la chuma, imefungwa kwenye fremu ya rejeta. Kila mguu umekalia kipande cha mpira wa tyubu. Chuma na kuchomelea, 22,000.

Jumamosi, 15 Februari: gari lenye jini

Nilitaka kuona feni ikifanya kazi leo, kwa hiyo nikaiunga kwa muda: umeme kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, upande unaowaka kwa funguo, kupitia swichi ya dashibodi, waya mwembamba uliokuwapo nyumbani. "Kwa muda" ni neno baya sana kwenye umeme wa gari.

La kwanza: feni ilizunguka kivivu. Betri ilikuwa na volti 12.6, lakini kwenye nyaya za feni nilipima 10.5. Zile volti mbili zimepotelea njiani, kwenye waya mwembamba na kwenye meno ya kisanduku cha fyuzi chenye umri wangu. Waya uligeuka wa moto mpaka plastiki inanuka.

La pili lilikusanya watu. Nikazima funguo. Injini ikaendelea kunguruma. Kama sekunde mbili hivi, funguo mkononi mwangu, halafu ikafa. Nikawasha, nikazima, tena vilevile. Jirani aliyekuwa anakunywa kahawa barazani akasimama. "Hilo gari baba yako alilinunua na mtu wake."

Jini lenyewe ni feni. Mota ikikatiwa umeme huku bado inazunguka, inageuka jenereta ndogo. Kwa vile niliiunga kwenye njia moja na koili (inayotoa cheche za kuwasha injini), umeme wake ulirudi kinyumenyume ukailisha koili mpaka feni ilipoishiwa kasi. Nilimweleza jirani. Alisikiliza kwa adabu, na hakuniamini.

Nikaifumua yote. Wiring ya kudumu iko hivi: kutoka betri, fyuzi ya ampea 25 karibu kabisa na betri, waya wa milimita mraba 4 mpaka mguu 30 wa relei (swichi inayofungwa kwa umeme kidogo ili kupitisha mwingi), mguu 87 unakwenda kwenye feni. Mguu 86 unapata umeme wa funguo, waya mwembamba unatosha kwa sababu hapo unapita umeme kidogo tu. Mguu 85 unakwenda kwenye themoswichi (swichi inayojiwasha maji yakipata moto) na kutoka hapo kwenye ethi. Kwa njia hii feni hailishi koili, na gari likizimwa feni inazima nalo.

Ethi ya feni usiiweke kwenye bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, chasisi ni chuma, na hivi viwili vikikutana kwenye hewa ya chumvi vinaozeshana. Nimekwangua chasisi mpaka ing'ae, nikafunga, nikapaka grisi juu. Sasa feni inapata 12.3 betri ikiwa na 12.6, na inakula ampea 11. Relei, soketi, fyuzi, nyaya, swichi na vichwa vya waya: 43,000.

Swichi ya dashibodi nimeiacha ila nimeibadilishia kazi: katikati imezima, juu feni inalazimishwa, chini inamsikiliza themoswichi.

Jumamosi, 8 Machi: themoswichi na sufuria ya mama

Wiki tatu bila kuandika. Nilikuwa nasubiri fundi wa kuchonga vyuma anitengenezee bomba fupi la kukaa katikati ya hosipaipu ya juu, lenye tundu la nyuzi la kushika themoswichi. 25,000, na themoswichi 28,000; inawasha kwenye 92, inazima kwenye 87. Hosipaipu ya juu inabeba maji yanayotoka kwenye injini, ndiyo maana nikachagua namba hizo. Ukiiweka ya chini, ambako maji yameshapoa, chagua swichi ya digrii za chini zaidi.

Pamoja na hiyo nimerudisha thamostati ya 82 na gasketi yake, 22,000. Bila thamostati themoswichi haina maana, kwa sababu injini haikai kwenye joto moja. Vibano vya hosi, 6,000.

Ramadhani imeingia, kazi nafanya alasiri taratibu. Nikawasha gari kwa jaribio. 88. 90. 92, nimetega sikio. 94. 96. Kimya. 97, nikasukuma swichi juu, feni ikanguruma, joto likashuka. Feni ni nzima basi, na relei inaitika. Nikagusisha waya wa mguu 85 kwenye chasisi: feni ikawaka. Kilichobaki ni themoswichi.

Nikaichomoa, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, mita ya umeme imeunganishwa. Kwenye 91 mita ikalia. Themoswichi nzima kabisa. Sufuria ilikuwa ya uji wa futari na sikuomba ruhusa. Yaliyofuata hayahusiani na mradi huu.

Nilikaa barazani mpaka adhana nikiwaza. Themoswichi yangu ina mguu mmoja tu. Umeme unaingia kwa mguu huo na kutoka kwa mwili wake. Mwili umeshika bomba. Bomba limeshika nini? Hosi upande huu, hosi upande ule. Mpira na mpira. Bomba linaelea, halina ethi popote. Kwenye magari mengi themoswichi inafungwa kwenye chuma cha injini kwa hiyo swali hili halizuki kabisa.

Baada ya futari nikatoboa sikio dogo kwenye ukingo wa bomba, nikafunga waya wa ethi mpaka chasisi. Saa tatu usiku, tochi mdomoni: 92, feni ikawaka yenyewe. Ikashusha mpaka 87, ikazima. Nikaitazama ikirudia mara nne kama mtoto anayetazama treni.

Jumamosi, 22 Machi: Amani

Jaribio la kweli. Watu wawili, magunia, jua la kaskazi linalomalizikia. Pongwe na Muheza thamostati ilishika injini kwenye 83 hadi 85, feni haikuwaka hata mara moja, mwendo unatosha. Hiyo peke yake ni raha, injini haibebi tena feni inayozunguka bila kazi.

Baada ya Muheza barabara inaanza kupanda msitu, ileile njia ya kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha Amani mwaka 1902, na baadhi ya kona nina hakika hazijanyooshwa tangu hapo. Gia ya pili, kisha ya kwanza. Feni inawaka, inazima, inawaka. Mwinuko mrefu wa mwisho joto lilifika 95, juu kabisa, halafu likarudi 89. Nikaanza kujipongeza kwa sauti.

Tukasimama, nikasikia mluzi. Maji yanatoka kwenye mdomo wa rejeta, yanachuruzika mpaka chini. Na joto ni 91!

Kizibo. Kizibo cha rejeta kazi yake si kufunika tu, kinabana presha ili maji yachelewe kuchemka. Mpira wa changu ulikuwa umekauka na kupasuka, haukubana chochote. Tanga mjini maji ya wazi yanachemka kwenye 100. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari, na huko yanachemka kwenye 97 hivi. Ndani ya silinda hedi kuna sehemu zenye moto kuliko pale ninapopima mimi. Kwa kizibo kibovu hizo zilishachemka, na mvuke ukasukuma maji nje. Feni haina kosa. Kitu cha elfu tisa, ambacho nilikishika kwa mkono kila nilipotia maji, sikukigeuza hata siku moja nikatazama chini yake.

Tukaongeza maji, tukarudi polepole.

Jumamosi, 12 Aprili: usiku na mvua

Kizibo kipya, 9,000, cha presha ileile iliyoandikwa kwenye cha zamani. Usiongeze presha kwa tamaa, rejeta ya umri huu itapasukia kwenye lehemu. Baada ya Idd nimepanda Amani mara mbili, tone halikutoka.

Masika imeshika. Kwenye moja ya vivuko vya chini maji yalikuwa yamepita juu ya barabara, kimo cha ekseli. Hapo ile swichi ya katikati ililipa deni: nikazima feni, nikavuka taratibu, nikawasha ng'ambo. Feni ya zamani ilikuwa ikifika kwenye maji inayarushia distributa (inayogawa umeme wa plagi) yote, injini inazima, tunasukuma.

Umeme wa usiku ndio haujakaa sawa. Altaneta, inayochaji betri, ni ileile ya kiwandani, Lucas 16ACR, ampea 34 ikiwa inazunguka vizuri. Kwenye sailensa inatoa pungufu sana. Taa kubwa zinakula 9 hivi, feni 11, koili na waipa na taa ndogo zikishajumlishwa tumeshafika 30. Nimesimama kwenye mvua usiku, vyote vinafanya kazi, nikapima 11.8 kwenye betri. Yaani betri ndiyo inalisha, altaneta inasindikiza.

Nimebadilisha mkanda, 15,000; wa zamani ulikuwa umelegea unateleza. Nikapandisha sailensa kidogo. Sasa napata 12.6 na taa na feni, 12.2 waipa zikiongezwa. Mwendoni inarudi 13.8 bila shida. Kwa hiyo sasa hivi mvua ya usiku ikinikuta kwenye foleni, nashusha taa kubwa na kubaki na ndogo.

Jumla mpaka leo ni 345,000, feni iliyorudishwa ikiwamo ndani. Mzee wa Makorora alikuja kuangalia. Akainama, akavuta fremu kwa mkono kuona kama inacheza, akatazama waya wa ethi kwenye bomba, akauliza kwa nini upo. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema gereji kwake kuna altaneta ya ampea 55 imekaa kabatini tangu mwaka jana, ila puli yake si ya mkanda huu.

Jumamosi ijayo nakwenda kuipima. Na tepu.